Kulungu wa Jumapili ya Mavuno

Burnsville, Minnesota
14 Julai 2024

Shangazi Avelina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na lile goti limepunguza makelele. Sisi hatujambo. Doris amehamishiwa zamu ya mchana pale hospitali, sasa tunaonana kama watu waliooana. Kokugonza ametimiza miaka mitano. Kiswahili anakielewa chote, ila kujibu ni Kiingereza kitupu. Jana nimemwambia avae viatu, akaniambia, "In a minute, Baba." Ungekuwepo ungemsimamisha pembeni ya ubao.

Naandika kwa mkono kama ulivyoagiza. Najua simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, na mwalimu hata akistaafu haamini jambo mpaka alione limeandikwa.

Mambo ni mawili. La kwanza, nimepeleka maombi ya uraia. Usaili utakuwa mwakani, labda Februari. Wanachunguza sana mwenendo wa mtu, kwa hiyo siku hizi naendesha gari kama nimebeba mayai. Shangazi, nakitaka kitu hiki kuliko nilivyowahi kutaka kazi. Doris anao uraia, mtoto anao, mimi peke yangu ndiye mgeni ndani ya nyumba yangu.

La pili litakuchekesha. Nataka kuwinda. Huku leseni ya kulungu inauzwa dukani, kaunta, na msichana yule yule anayeuza chambo za samaki na soksi. Mwenzangu wa maabara, Harrison, ndiye aliyenifungua macho. Wanyama wengine wakubwa leseni zao hupigiwa kura, unaomba na kungoja bahati. Lakini hawa kulungu wa mkia mweupe ni wengi mno, wanakula bustani za watu. Ukiwa umeishi jimboni siku sitini unahesabiwa mwenyeji na unalipa bei ya mwenyeji. Hata mgeni aliyekuja kutembea anauziwa, ila yake ni ghali. Mtu wa umri wangu lazima kwanza asome kozi ya usalama wa bunduki. Nimeshaianza, na darasani wanafunzi wenzangu wana miaka kumi na miwili na wananishinda.

Unakumbuka nyama tuliyokula siku ya komunyo yangu ya kwanza? Sijaonja tena ladha ile. Ilikuwa nyama gani? Kila nikimsikia Harrison akisifia kulungu wake, naiwaza.

Nisalimie wote. Yule bwana aliyetuacha akavuka mpaka simsalimii, unajua.

Mwanao,
Vedasto

*

Muleba
2 Septemba 2024

Mwanangu Vedasto,

Marahaba. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Kahawa mwaka huu imepata bei, watu wamejenga vyoo vya vigae. Migomba ya upande wa chini imenyauka, nimeing'oa. Mwambie huyo binti yako kwamba nyumbani kwangu "in a minute" hutafsiriwa kwa fimbo, kisha mbusu.

Habari ya uraia imenifurahisha. Nimeiweka kwenye nia za misa bila kutaja jina, maana hapa ukitaja Amerika kila mtu ana shida ya kukuletea.

Sasa hili la kuwinda. Leseni ya mnyama kuuzwa kaunta pamoja na soksi, nimesoma mara mbili nikavaa na miwani. Sawa, kila nchi na taratibu zake. Hapa msimu wa senene unakaribia na bado hatujaanza kukatiwa leseni, ingawa sishangai wakianza.

Lakini wewe acha. Ukitaka mchezo kavue samaki, hiyo nchi ina maziwa mengi. Nyama ya porini isiingie nyumbani kwako. Usiniulize kwa nini. Na swali lako la nyama ya komunyo nimeliona.

Shangazi yako,
Avelina

*

Burnsville
12 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hapa baridi imeingia, asubuhi tunakwangua barafu kwenye vioo vya gari. Doris mzima, Kokugonza ana mafua ya shule.

Nimekuasi, naomba radhi. Lakini ulinikataza bila sababu, na wewe ndiye uliyetufundisha darasa la tano kwamba jibu lisilo na sababu halipati alama.

Jumamosi tulikuwa shambani kwa baba yake Harrison, kaskazini, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka hapa. Lazima uvae rangi ya chungwa inayowaka ili mwenzako asikudhanie mnyama. Huruhusiwi kupiga risasi gizani. Na ukinunua leseni usidhani umeruhusiwa kila kitu, sehemu nyingine ni dume tu. Mimi nilikuwa nimekariri yote hayo. Nilikaa juu ya kiti kilichofungwa kwenye mti mpaka miguu ikaacha kuwa yangu, halafu dume akatoka kwenye mahindi makavu akasimama.

Nilimwangusha kwa risasi moja. Nikashuka, nikapiga magoti, na Shangazi, nikalia. Harrison akanigeuzia mgongo kwa heshima, akajifanya anafunga kamba za viatu. Kisha akanionyesha kufunga lebo ya leseni yangu, na nikamsajili kwa simu pale pale kabla hatujamchuna. Nilijiona mtu wa sheria kamili.

Jioni Doris alikaanga maini na kuchemsha kiuno kwa ndizi. Nilipotafuna tu, nikawa mtoto wa miaka tisa mwenye shati jeupe. Ni ladha ile ile. Kwa hiyo nauliza tena: siku ya komunyo yangu tulikula nyama gani?

Jumapili ya tarehe ishirini na nne ni ya mavuno katika jumuiya yetu ya misa ya Kiswahili, kule Richfield. Paja zima la nyuma nimelitenga kwa Mungu.

Vedasto

*

Burnsville
26 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hii inakuja na Gwakisa, anakwenda nyumbani kwa Krismasi, ataituma kwako kwa haraka akifika Dar. Doris anakusalimu. Leo habari za nyumbani ni chache kwa sababu kichwa changu hakipo.

Jumapili ya mavuno unaijua ilivyo, huku tumeihamisha kama ilivyo. Watu wanaleta sadaka ya vitu: maboga, mayai, chapati, keki. Baada ya misa tukashuka ukumbi wa chini na mnada ukaanza. Mnadi wetu ni Kendi, nesi kutoka Meru, mwanamke anayeweza kukuuzia koti lako mwenyewe. Akaliinua paja langu kwa mikono miwili. "Watu wa Mungu, hii ni organic! Imekula mahindi ya shamba, haijawahi kuona fridge ya supermarket! Nani ana-top? Gitonga, usiangalie chini, nimekuona!" Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Gitonga akalichukua kwa bei iliyoshinda mbuzi wawili, akaenda nalo kwake Roseville huku akipigiwa vigelegele. Padre akasema mwakani wawindaji tuwe kumi.

Jumatatu kazini nikamsimulia Harrison kwa majivuno. Akaweka mkate wake chini. "Vedasto. You sold it?" Nikamwambia hapana, ulikuwa mnada, fedha ni za kanisa. Akasema nyama ya mnyama wa porini haiuzwi, hata kipande, hata kwa kanisa. Unaweza kula, unaweza kugawa bure kwa yeyote umpendaye. Kuuza ni kosa, na anayenunua naye yumo.

Nikaenda kukifungua kile kitabu cha kanuni. Shangazi, imo. Nilikuwa nimesoma mpaka mahali mnyama anapoanguka na kusajiliwa. Kurasa za nyuma, zinazohusu nyama yenyewe, sikuzifungua. Nilidhani sheria inamhusu kulungu akiwa hai, na kwamba akishaingia chunguni ni mambo yetu.

Sasa Februari nitakaa mbele ya ofisa na ataniuliza kama nimewahi kuvunja sheria. Mwenyekiti wa jumuiya anasema tuyaache, nani atajua. Kendi analia. Doris anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Ninaweza kwenda mwenyewe kwa bwana nyama, ofisa wa wanyamapori, na kusema, au ninaweza kunyamaza. Niambie nifanye nini. Nakuomba safari hii uniambie na sababu.

Vedasto

*

Muleba
20 Desemba 2024

Vedasto,

Barua ya Gwakisa imefika leo mchana na ninajibu leo leo.

Nyamaza. Usiende kwa bwana nyama yeyote. Mwambie huyo Gitonga amalize kula, na mwambie Kendi afunge mdomo. Usiliandike tena jambo hili, wala usilitaje mbele ya mtoto.

Senene nimekukaangia, nitampa mtu.

Avelina

*

Muleba
6 Januari 2025

Mwanangu Vedasto,

Heri ya mwaka mpya. Tulisherehekea vizuri, wajukuu walikuja kutoka Mwanza, wakamaliza kuku na wakaniachia nyumba ina mwangwi. Goti limenipa likizo.

Ile barua niliyokuandikia kabla ya Krismasi, ichane. Iliandikwa na hofu, na hofu ile ni ya zamani, haikuwa yako. Tangu nilipoituma silali vizuri. Uliniomba sababu mara mbili. Haya, hii hapa, na kaa chini unaposoma.

Nyama ya komunyo yako ilikuwa mbawala. Baba yako Respicius aliinunua kwa mtu aliyepita na baiskeli, imefunikwa majani ya migomba. Hakuuliza imetoka wapi. Alitaka mwanawe siku hiyo ale kitu ambacho watoto wa jirani hawajala. Tulikula wote, na Padre alirudia sahani.

Siku ya tatu tukasikia mwenye baiskeli amekamatwa na askari wa pori, na kwamba wanatafuta walionunua kwake. Alfajiri ya siku ya nne kaka yangu alikuwa ameshavuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda. Mimi ndiye niliyemfungia viazi vya njiani. Akanishika mkono akasema, "Avelina, watoto waambie nimefuata kazi. Na watu wakisema nimefuata mwanamke, waache. Afadhali wanangu waniite mhuni kuliko waitwe watoto wa jangili." Akaniapisha.

Bwana nyama alikuja wiki iliyofuata, peke yake, kwa pikipiki. Alikunywa chai kwangu. Alikuwa anatafuta shahidi, Vedasto. Alitaka mtu wa kusema mbele ya hakimu kwamba ndiye huyu aliyetuuzia. Akaandika jina la baba yako, akasema akirudi aje ofisini aeleze, hana neno. Hakuja tena. Kesi ikaisha, aliyeuza akafungwa, akatoka, sasa ana duka la mbolea pale stendi na ananisalimia.

Nilimpelekea kaka habari hiyo kule Kyotera, Uganda. Hakuamini, alidhani ni mtego. Baada ya miaka miwili akaamini, lakini sasa akawa anaona aibu kwamba alikimbia kitu kisichomkimbiza. Kila mwaka aibu ikaongeza mwaka mwingine. Mama yako alipofariki alifika mpaka mpakani na suti, akarudi. Hakuna mwanamke yeyote kule. Ana chumba kimoja, anashona viatu, na kila Pasaka ninakwenda kumwona na ananiuliza wewe una urefu gani.

Nimevunja kiapo chake kwa sababu niliposoma barua yako nilimwona yeye akifunga mzigo, na mimi niko pale pale namfungia viazi tena.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Nenda kwa bwana nyama useme. Kama watakunyima huo uraia, rudi, shamba la upande wa juu lipo. Sitaki kaka wa pili ng'ambo ya mpaka.

Shangazi yako anayekupenda,
Avelina

*

Burnsville
23 Februari 2025

Shangazi wangu,

Shikamoo, na tena shikamoo. Barua zako mbili, ya "nyamaza" na ya "nenda", zimefika siku moja, posta imezifunga pamoja kwa raba. Kwa bahati nilianza na ya juu, na ya juu ilikuwa ya "nenda". Doris yuko mzima. Kokugonza ameng'oka jino la kwanza, amelifungia kwenye karatasi akuletee.

Nilikuwa nimeshakwenda. Tarehe tatu Desemba, barua ya Gwakisa ikiwa bado njiani kuja kwako. Nilishindwa kungoja. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba yetu nililidhani la serikali, na Kokugonza akaniuliza kwa nini nachungulia pazia. Mtoto akishaanza kukuuliza hivyo, hujakamatwa lakini uko ndani tayari.

Bwana nyama wa eneo letu ni mama mmoja mwenye kofia ya manyoya. Kendi alikataa niende peke yangu. "Mimi ndio nili-auction, so kama ni jela tunaenda na uniform yangu," akasema, na kweli akaja na nguo zake za kazini. Nikaeleza kila kitu, mavuno ni nini, mnada ni nini, kwa nini watu wanashangilia boga. Yule mama alisikiliza kalamu ikiwa juu. Mwishowe akauliza paja liko wapi. Nikamwambia nusu iko kwenye friza ya Gitonga na nusu iko ndani ya Gitonga. Akageuza uso kidogo, nadhani alicheka.

Akatupa onyo la maandishi, mimi na Kendi. Fedha irudishwe, nyama iliyobaki itoke kwa aliyenunua. Akasema tukitaka kuwalisha watu bure hiyo ni halali kabisa, ila kifurushi kiwe na jina langu na namba ya leseni. Jumapili iliyofuata Gitonga alileta sufuria, tukala bure ukumbini, na Kendi alikatazwa hata kusema "nani ataongeza".

Usaili umefanyika tarehe kumi na tatu mwezi huu. Ofisa akaniuliza lile swali. Nikamsimulia, nikampa karatasi ya onyo. Akaisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyo ndefu. Kisha akaniuliza, "So who ended up with the leg?" Shangazi, nimepita. Kiapo ni mwezi wa nne.

Sasa hili lingine. Nimeandika ukurasa huu mara nne na kuuchana. Nimekasirika. Mama alikufa akikitazama kile kiti cha Baba pale sebuleni kwako. Nilikua nikimchukia mwanamke ambaye hayupo, na nilimpa hata sura. Lakini kila nikitaka kumchukia Baba, naiona ile nyama imefunikwa majani, na nakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekula nyingi kuliko wote. Na ninajua ilivyo kuchungulia pazia. Mimi nimechungulia siku saba tu.

Barua hii ukitaka msomee. Usipotaka, iwashie moto. Kama atauliza, mwambie nina futi tano na inchi kumi, na mwambie bwana nyama wa huku aliniuliza maswali akanipa mkono.

Mwanao,
Vedasto

*

Muleba
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Mwanangu Vedasto, raia,

Marahaba. Mvua ni nyingi, maharage yamestawi, jino la mjukuu wangu halijafika na ninalidai.

Alhamisi Kuu nilikwenda Kyotera kama kila mwaka, na barua yako ndani ya kitambaa. Macho yake yamepungua nguvu, nikamsomea mlangoni kwake huku anashona kandambili ya mtu. Nilipofika pale ulipokwenda kwa bwana nyama, akaacha kushona. Akasema, "Rudia." Nikarudia. "Alikwenda mwenyewe? Hakuna aliyemfuata?" Nikamwambia mwenyewe, kwa miguu yake, na nesi mmoja. Nilipomaliza yote alibaki ameishika ile kandambili mpaka mwenyewe akaja kuidai.

Kisha akaniuliza basi la Mutukula linaondoka saa ngapi.

Tulivuka Ijumaa Kuu. Mpakani nikamshika kiwiko. Kijana wa uhamiaji akatazama karatasi zake, akamwambia, "Karibu nyumbani, mzee," akamwita anayefuata. Basi. Baba yako alisimama pale akiwazuia watu, anangoja kuulizwa zaidi.

Amekwenda kwenye kaburi la mama yako peke yake, amerudi na udongo magotini. Jana tulikula kuku. Sasa hivi yuko sebuleni, kwenye kile kiti, amevua viatu, na analalamika kwamba chai yangu ina tangawizi nyingi. Nimelia jikoni nikasingizia kuni.

Nilimwambia naandika kwako, kama ana neno. Akasema hana. Nimerudi kutoka kuchota maji nikakuta ameshika kalamu yangu. Ameandika hapo chini. Sijamsahihisha chochote.

Avelina

Vedasto mwanangu.
Shangazi amenisomea barua zako zote, tangu ile ya leseni. Ulikuwa unafika kwenye kifua changu, sasa nimepiga hesabu naona umenipita.
Nina swali moja. Hiyo leseni ya kaunta, mgeni wa miaka sabini na mbili aliyekuja kutembea, anauziwa kweli?
Kurasa za nyuma nitazisoma.
Baba yako,
Respicius